Nywele hazidanganyi: mzazi akikutwa na dawa za kulevya kwenye nywele, mtoto aondolewe. Nani anapinga?

#1 Mlezi Mkongwe
Wakuu salaam.

Mimi ni mlezi wa kambo wa muda mrefu. Watoto wanaoletwa kwangu na ustawi wa jamii wengi wametoka kwenye nyumba zenye kokeini, heroini au methamfetamini, kwa hiyo sisemi mambo ya kusimuliwa.

Kipimo cha mkojo kimetuchosha. Kokeini huonekana kwenye mkojo siku mbili hadi nne tu. Mzazi akijua siku ya miadi anajizuia, anajaza tumbo maji, anatoka msafi. Mtoto anarudishwa nyumbani. Baada ya muda analetwa tena kwangu, safari hii haongei na mtu.

Nywele hazina mchezo huo. Ukikata kishungi karibu kabisa na ngozi ya kichwa, sentimita tatu za mwanzo ni miezi mitatu iliyopita, na hakuna maji ya kunywa yatakayozisafisha. Kucha nazo vilevile. Sasa nasikia mawakili wanadai kipimo hiki "si cha kutegemewa". Kisitegemewe kwa nini? Karibuni mnipinge, ila mje na hoja.

#2 Kisu Butu
Nina upara. Niko salama. Endeleeni.

#3 Mpita Njia
Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

#4 Pipeti
Nimewahi kufanya kazi maabara ya toksikolojia, yaani ya kupima sumu na dawa mwilini, nywele nimezipima nyingi tu.

Mleta mada, hazidanganyi, lakini pia hazisemi yote unayotaka ziseme. Mashine inajibu swali moja: dawa fulani imo humu, na ni kiasi gani kwa kila miligramu ya nywele? Haijibu imeingiaje. Na njia za kuingia ni zaidi ya moja. Kuna damu inayolisha mzizi, ndiyo njia unayoifikiria wewe. Kuna jasho na mafuta ya ngozi. Halafu kuna nje: moshi, vumbi, mikono ya mtu aliyeshika dawa akakushika kichwa.

Maabara makini huosha sampuli kwanza, kisha hutafuta yale mabaki ambayo mwili hutengeneza baada ya kuisaga dawa. Kwa kokeini tunatazama benzoilekgonini, norkokeini na kokaethilini. Hiyo ya mwisho hutokea mtu akichanganya kokeini na pombe. Jumuiya ya kimataifa ya wapima nywele imeweka mpaka wa nanogramu 0.5 za kokeini kwa miligramu, na 0.05 kwa hayo mabaki. Lakini hata benzoilekgonini inaweza kutokea nje ya mwili, kokeini ikikutana na unyevu. Kwa hiyo ukiikuta peke yake, tulia kwanza.

#5 Mwewe
Haya, tayari wameshapata pa kuponea. Sijawahi kusikia mteja wa kokeini akisema "ndiyo, nilivuta". Siku zote ni moshi wa jirani, siku zote alishikwa kichwa na shemeji. Mbona mimi sijawahi kupakwa kokeini na mtu?

#6 Mzee Kobe
Vijana, kuna hospitali kubwa ya watoto huko Marekani ilipima nywele kwa miaka, maelfu ya wazazi wakanyang'anywa watoto, mwishoni ikaonekana vipimo vyote ni uongo. Katafuteni.

#7 Kifungu cha Sheria
Mzee Kobe, shikamoo. Kisa ni cha kweli, ila umekichanganya.

Ni Kanada, mji wa Toronto. Maabara iliitwa Motherisk, ilikuwa ndani ya hospitali ya watoto ya SickKids. Kati ya 2005 na 2015 ilipima sampuli zaidi ya 24,000 za nywele, kutoka kwa watu zaidi ya 16,000, kwa ajili ya kesi za ulinzi wa watoto. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Ontario, jimbo lenye Toronto, ilifuta hatia za kokeini za mama mmoja baada ya mtaalamu mwingine kuonyesha jinsi vipimo vilivyofanywa. Serikali ikamteua jaji mstaafu Susan Lang achunguze. Ripoti yake ya Desemba 2015 ilisema vipimo vile havikutosha na havikuwa vya kutegemewa kwa kesi za watoto wala za jinai.

Ikafuata tume ya Judith Beaman, naye jaji mstaafu. Ilimaliza kazi Februari 2018, ikiwa imepitia mafaili 1,271 na kuona 56 ambayo kipimo kilichangia kwa kiasi kikubwa uamuzi wa mwisho.

Kwa hiyo si Marekani, na "maelfu walinyang'anywa" si kauli ya tume.

#8 Mzee Kobe
Marahaba. Marekani na Kanada wanapakana, mwanangu. Nilikosea kwa mpaka mmoja tu.

#9 Mlezi Mkongwe
Kifungu, umenisaidia bila kujua. 56 kwa 1,271 ni kama asilimia nne na kitu. Maana yake zaidi ya asilimia tisini na tano kipimo kilikuwa sawa! Sasa kelele za nini?

#10 Takwimu Kavu
HAPANA, mkuu. Hizo 56 si idadi ya vipimo vilivyokosea. Ni mafaili ambayo kipimo kibovu kilibadilisha hatima ya familia. Kwenye mengine kulikuwa na ushahidi mwingine uliotosha, au kipimo hakikuwa na uzito. Ni vipimo vingapi vilikosea, hesabu hiyo haikukueleza. Usigawanye namba mbili kwa sababu tu zimekaa sentensi moja.

#11 Pipeti
Naongezea kwa nini Motherisk ilianguka, maana watu wanadhani ni nywele zilizoshindwa. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2010 hivi, walitumia kipimo cha kingamwili kiitwacho ELISA na kuyatoa majibu yake kama ya mwisho. ELISA ni mchujo. Inakuambia "hapa pana kitu kinachofanana na kokeini, kathibitishe". Kuthibitisha ni kazi ya kromatografia pamoja na spektrometa ya masi, yaani mashine inayotambua molekuli yenyewe. Wao waliishia kwenye mchujo, wakaandika ripoti, ikaenda mahakamani.

Kilichoshindwa pale ni utaratibu wa kazi. Sayansi ya nywele ni suala jingine.

#12 Mwewe
Ahaa! Kwa hiyo kipimo kikifanywa vizuri kinategemewa. Mada imefungwa.

#13 Kisu Butu
Mwewe amefunga mada kwenye bandiko la 12. Wengine wote rudini makwenu.

#14 Dada Mkubwa
Haijafungwa. Binamu yangu anaishi nchi ya nje, alikuwa na mwanamume aliyekuwa akivuta kokeini ya mawe ndani ya nyumba. Binti wa watu hajawahi kugusa hata sigara. Alipoachana naye ndipo ustawi wakaja, wakakata nywele zake na za mtoto wa miaka miwili. Zote zikatoka na kokeini, za mtoto nyingi kuliko za mama! Ofisa mmoja akauliza kama mama humlisha mtoto dawa.

Ukikaa jikoni na mtu anayekaanga, nguo zako hunuka moshi hata kama sufuria hukuigusa. Hilo tu ndilo alilokuwa akijaribu kueleza, kwa lugha asiyoimudu vizuri, mbele ya watu waliokwisha kuamua.

#15 Pipeti
Pole yake dada. Za mtoto kuzidi za mama si ajabu hata kidogo. Nywele za mtoto mdogo ni nyembamba na zina matundu zaidi, zinanyonya haraka. Mtoto anatambaa sakafuni, anashika kila kitu, mikono inakwenda mdomoni na kichwani. Mama akinyonyesha, maziwa nayo ni njia. Kwa mtoto mchanga kabisa kuna nywele zilizoota akiwa tumboni. Ndiyo maana matokeo ya mtoto husomwa kama dalili ya mazingira yaliyomzunguka. Anayesoma "amelishwa" moja kwa moja amevuka mpaka wa kipimo.

#16 Mlezi Mkongwe
Asante Pipeti, sasa nisikilizeni. Mmekubali wenyewe kwamba kokeini kwenye kichwa cha mtoto inaonyesha mazingira. Basi kwangu haijalishi iliingia kwa damu, jasho, moshi au mkono. Mtoto aliishi mahali penye kokeini. Nimemlea mtoto aliyekuwa akiokota vitu chini na kuvionja kwa sababu alizoea kuona watu wazima wakifanya hivyo. Mnataka nijadili norkokeini?

#17 Kifungu cha Sheria
Hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Lakini mahakama inauliza kitu kingine: mahali gani, lini, na nani alikuwa na uwezo wa kumkinga? Binamu wa Dada Mkubwa alikuwa ameshamwacha yule bwana. Nywele zinaonyesha nyumba ya zamani, na mtoto anaondolewa kwenye nyumba mpya. Kumwondoa mtoto kwa mama aliyekimbia hatari ni kumwadhibu mtu kwa kufanya ulichotaka afanye.

#18 Mwewe
Kama kweli alikimbia. Sisi tunasoma upande mmoja hapa.

#19 Dada Mkubwa
Mwewe, sina sababu ya kukutungia hadithi.

#20 nimeacha_rasmi
Nimesoma kimya hadi hapa. Mimi nilitumia, sikatai. Niliacha. Mtoto wangu alikuwa kwa dada yangu kwa amri ya mahakama, na sharti la kumrudisha lilikuwa nywele safi.

Miezi baada ya kuacha nikapimwa. Kokeini ipo. Mkojo wangu wote wa kipindi hicho ulikuwa safi, na walikuwa wakiniita bila taarifa, kwa hiyo ule mchezo wa maji anaosema mleta mada haukuwezekana. Unadhani kipimo kipi kiliaminiwa? Nilianza kujishuku mwenyewe, kwamba labda nilitumia usingizini.

#21 Pipeti
Hukutumia usingizini.

Nywele hazikui zote kwa pamoja. Wakati wowote ule, kama asilimia 10 hadi 15 za kichwani zimesimama kukua lakini hazijadondoka. Hizo zimebeba historia ya nyuma, na zinakaa hapo hapo karibu na ngozi, zimechanganyika na zile zinazoendelea kukua. Ukikata kishungi unachukua zote. Kwa hiyo mtu aliyeacha kweli kweli anaweza kuendelea kuonekana kwa miezi mitatu hadi sita, kiasi kikishuka polepole.

Tena ile "sentimita moja kwa mwezi" ni wastani tu. Kuna wenye 0.6, kuna wenye 1.4. Ongeza kwamba anayekata hakati sawasawa kwenye ngozi kila mara, akiacha milimita kadhaa amepoteza wiki. Ukiona ripoti inasema "alitumia mwezi wa Machi, Aprili hakutumia", shuku. Kinachosomeka vizuri ni mwelekeo: vipande vinashuka, vinapanda, au viko palepale.

#22 nimeacha_rasmi
Asante. Hakuna aliyenieleza hivyo wakati ule.

#23 Mpita Njia
Mimi nilidhani nywele hukua inchi moja kwa mwezi.

#24 Takwimu Kavu
Karibu nusu ya hiyo. Ndiyo maana maabara nyingi za Marekani huchukua inchi moja na nusu na kuita siku 90.

#25 Msusi Mtaani
Wataalamu mnaongea nywele bila kumuuliza msusi? Haya.

Nywele iliyopigwa blichi ni nywele iliyofunguliwa. Ilichokuwa imeshika kinatoka, na kilichoko nje kinaingia kirahisi zaidi. Rangi ya kudumu na dawa ya kulainisha nazo ni hivyo hivyo kwa viwango vyake. Sasa niambieni, mwanamke anayelainisha nywele kila baada ya wiki kadhaa maisha yake yote, kipimo chake kinalinganishwaje na cha mtu asiyewahi kuweka kitu?

Na ndiyo, wapo wanaojua. Mteja mmoja alikuja anataka blichi kichwa kizima, mtu ambaye hajawahi kupaka hata hina. Nikamuuliza kulikoni. "Nina miadi." Miadi gani hakusema, na mimi sikuuliza.

#26 Mlezi Mkongwe
Umeona! Huyo ndiye ninayemzungumzia. Nyinyi mnalia na wanaosingiziwa, hamlii na wanaoponyoka.

#27 Pipeti
Msusi yuko sahihi, blichi hushusha sana viwango, na kipimo cha pombe ndicho kinachoathirika zaidi. Mkata sampuli anatakiwa kuandika kwenye fomu kama nywele zimetiwa kitu. Nimeona fomu nyingi ambazo kisanduku hicho kiko wazi.

#28 Kisu Butu
Swali la kizushi kwa heshima zote: mwenye wigi anapimwa nywele za nani?

#29 Msusi Mtaani
Za aliyeziuza 😂 Halafu mtu aliyeko bara jingine anaitwa mahakamani.

#30 Takwimu Kavu
Naomba tuguse rangi ya nywele, maana wote mnaipita pembeni. Dawa kama kokeini na amfetamini hupenda kushikana na melanini, ile inayozipa nywele weusi wake. Watu wawili wakipata kiasi kilekile, mwenye nywele nyeusi tii anaweza kuonyesha zaidi kuliko mwenye nywele za dhahabu.

Kuna kesi ya polisi wa Boston, Marekani, iliyofika mahakama ya rufaa ya shirikisho. Kwa miaka minane ya kupima nywele, vipimo vya polisi weusi vilivyoonyesha dawa vilikuwa asilimia 1.3, vya weupe asilimia 0.3. Mwaka 2014 mahakama ilikubali kwamba tofauti hiyo haikuwa ya bahati nasibu. Mwaka uliotangulia, tume ya utumishi ya jimbo lao la Massachusetts ilikuwa imewarudisha kazini polisi sita.

#31 Mwewe
Au polisi weusi wa Boston walitumia zaidi. Melanini si jibu la kila kitu.

#32 Takwimu Kavu
Inawezekana pia kwamba melanini inachangia kiasi, vipodozi kiasi, mazingira kiasi. Sikusema ni jibu la kila kitu. Nimesema anayelinganisha wazazi wawili kwa namba peke yake hajui anacholinganisha.

#33 Pipeti
Kwa bangi mambo yanageuka. THC, kile kilevi cha bangi, na zao lake la mwilini, THC-COOH, havishikani vizuri na nywele, kwa hiyo mvutaji wa mara mojamoja huponyoka kirahisi.

#34 Mwewe
Lakini hapo angalau hakuna kisingizio cha moshi. THC-COOH hutengenezwa mwilini tu. Ikionekana, umevuta.

#35 Pipeti
Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walichapisha kazi inayosema kinyume: hata THC-COOH inaweza kukutwa kwenye nywele za mtu asiyetumia. Mvutaji huibeba kwenye jasho na mafuta ya ngozi yake, akikushika nayo inahama. Na walipowapa watu THC ya kumeza, njia ya damu kwenda kwenye nywele ikaonekana haina mchango wa maana. Mtoto anayebebwa na mjomba mvutaji yuko palepale kwenye mstari wa moto.

#36 Mwewe
Watafiti wa kundi moja. Wengine bado wanaitumia THC-COOH.

#37 Pipeti
Wanaitumia, kweli. Na wanabishana.

#38 Kisu Butu
Narudi kwenye upara wangu maana hamkunijibu.

#39 Pipeti
Kisu, hauko salama. Watakata za kifuani, mguuni au kwapani. Ila nywele za mwili hazina kalenda, zinakua kidogo na kusimama muda mrefu, kwa hiyo huwezi kusema ni mwezi gani. Za kinena hazifai kwa pombe kwa sababu mkojo unazichafua. Na ukiwa laini mwili mzima kama yai, tutachukua kucha.

#40 Mpita Njia
Hizo kucha ndizo nilikuwa nazisubiri. Mleta mada alisema "vilevile". Ni vilevile kweli?

#41 Pipeti
Si vilevile. Kucha ya mkono hukua kama milimita tatu kwa mwezi, ya mguu kama nusu ya hapo au pungufu. Kucha ya mkono hujirudia yote kwa miezi minne hadi sita, ya kidole gumba cha mguu inaweza kuchukua mwaka hadi mwaka na nusu.

Faida: haina blichi wala dawa ya kulainisha, na suala la melanini linapungua sana. Hasara: dawa haiingii kwenye shina tu, inaingia pia kutoka kitandani mwa kucha, chini yake, muda wote inaposonga mbele. Kwa hiyo hukati vipande na kusema hiki Januari, hiki Februari. Ukipunguza ncha za vidole vyote unapata mchanganyiko wa miezi kadhaa. Na uchafuzi wa nje uko palepale, tena mkono ndio unaoshika vitu. Tafiti za kucha ni chache kuliko za nywele, viwango vya mpaka havijakubalika kwa upana ule ule.

#42 Msusi Mtaani
Na rangi ya kucha? Na zile za bandia?

#43 Pipeti
Rangi inatolewa yote kwanza. Za bandia ni kama wigi la Kisu Butu.

#44 Kifungu cha Sheria
Turudi mahakamani. Kuna mtu ameniandikia pembeni kwamba Uingereza jaji alipiga marufuku kipimo cha nywele. Si kweli. Mwaka 2017 Jaji Peter Jackson alisikiliza kesi ya mama aliyepimwa na maabara tatu tofauti. Alisema kipimo kina thamani lakini kisomwe pamoja na ushahidi mwingine wote, na akaonya juu ya yale maneno "kiwango cha chini, cha kati, cha juu" ambayo maabara hupenda kuyaandika. Msomaji asiye mtaalamu anaona "cha kati" anadhani mtu anavuta kiasi cha kati, na maana yake si hiyo.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, Jaji Moylan alishasema hayo hayo kwa pombe: kipimo ni sehemu ya picha tu.

#45 Mlezi Mkongwe
Hata kipimo cha pombe mnakitilia shaka?

#46 Pipeti
Pombe yenyewe haikai kwenye nywele. Tunapima ethili glukuronidi, kifupi EtG, zao ambalo mwili hulitengeneza kutokana na pombe. Pikogramu 30 kwa miligramu na kuendelea huashiria unywaji mkubwa wa muda mrefu, karibu gramu 60 za pombe kwa siku. Chini ya 5 inalingana na kutokunywa. Mpaka huo ulikuwa 7 hadi 2019. Nasema "inalingana", maana mtu anayeonja mara moja moja anaweza kuwa chini ya 5. Na kuna dawa za nywele za mitishamba zilizowahi kukutwa na EtG ndani yake, mtu anapaka kichwani, anatoka mlevi wa ripoti.

#47 nimeacha_rasmi
"Mlevi wa ripoti." Hilo nalichukua.

#48 Kifungu cha Sheria
Na tusisahau binadamu. Novemba 2017 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba vipimo vyote vya maabara ya Trimega vya kuanzia 2010 hadi 2014 vichukuliwe kuwa huenda si vya kutegemewa, kwa tuhuma za kuchezea takwimu za ubora. Trimega ilikuwa ikihudumia sana mahakama za familia. Tuhuma hizo ziliibuka kupitia uchunguzi uliohusu maabara nyingine, Randox. Hapo hakuna moshi wala melanini.

#49 Mzee Kobe
Hiyo ndiyo niliyokuwa naisema bandiko la 6.

#50 Kifungu cha Sheria
Mzee wangu, hiyo ni nyingine kabisa 😄

#51 Takwimu Kavu
Tukihesabu mpaka sasa, nywele zenye kokeini zinaweza kuwa na maelezo haya: alitumia, alikaa na mtumiaji, aliacha ila nywele zilizolala bado zipo, melanini, maabara mbovu. Na nywele safi: hakutumia, alitumia mara chache, blichi. Ripoti moja haitenganishi hayo yote. Nataka mleta mada ajibu hapo.

#52 Mlezi Mkongwe
Nitajibu. Hakuna ushahidi usio na maelezo mengine. Jirani anayesema alisikia kelele anaweza kuwa na kisasi. Mwalimu anayesema mtoto ana michubuko anaweza kuwa amekosea. Daktari pia. Mbona hao hatuwaulizi nanogramu? Tunakusanya, tunapima uzito, tunaamua, kwa sababu mtoto hana muda wa kungoja watafiti wa Freiburg wamalize kubishana. Nikiambiwa nichague kukosea upande gani, nachagua upande ambao mtoto yuko hai.

#53 Dada Mkubwa
Kaka, mtoto wa binamu yangu alikuwa hai. Akalia miezi yote aliyokuwa kwa watu asiowajua. Hilo nalo liingie kwenye mizani yako.

#54 Mlezi Mkongwe
Linaingia. Mimi ndiye huwa nasikiliza kilio hicho usiku.

#55 Mpita Njia
Aisee. Huu uzi.

#56 Mwewe
Kuna jambo hamjagusa: lazima mzazi akubali kukatwa? Nasikia Marekani hospitali haziwezi kupima bila ridhaa.

#57 Kifungu cha Sheria
Hukumu unayoifikiria ni Ferguson dhidi ya jiji la Charleston, Mahakama ya Juu ya Marekani, 2001. Hospitali ya umma ilikuwa ikipima mkojo wa wajawazito na kuwapelekea polisi majibu. Mahakama ikasema bila ridhaa wala hati ya upekuzi, huo ni upekuzi kinyume cha katiba. Lakini ile ilikuwa mkojo na polisi. Kwenye kesi ya mtoto anayekuomba nywele ni ofisa ustawi au wakili wa upande wa pili, na hata ukiwa na haki ya kukataa, kukataa kwako kunaandikwa. Ridhaa ya mtu anayeogopa kumpoteza mwanawe ni ya namna yake.

Mteja wangu akiletewa karatasi ya kipimo, naomba ripoti nzima, si ukurasa wa majibu. Nataka kujua kama kuna uthibitisho wa spektrometa, kama sampuli iliwahi kuoshwa na maji ya kuoshea yalipimwa, nani alishika bahasha kuanzia kichwani hadi kwenye mashine, na kama kuna kishungi kilichobaki cha kupimwa kwingine. Mara nyingi nikiomba tu, upande wa pili unapunguza sauti.

#58 nimeacha_rasmi
Wakili wa msaada wa kisheria niliyekuwa naye hakuomba hata kimoja. Alikuwa na mafaili mengi mno siku hiyo. Mtoto wangu alirudi, lakini ni kwa sababu dada yangu alisimama akasema anayoyaona kila siku.

#59 Mwewe
Kwa hiyo ushahidi wa ndugu ni bora kuliko mashine? Ndugu ndio wanaofichiana kuliko wote.

#60 Takwimu Kavu
Ulishasema mada imefungwa bandiko la 12, unafanya nini hapa?

#61 Mwewe
Nalinda mlango.

#62 Mlezi Mkongwe
Pipeti, swali la kazi kabisa. Nina mtoto wa miezi kumi na nne hapa, wanataka kumkata nywele wiki ijayo. Amekuwa kwangu karibu miezi mitano. Nywele zake ni fupi. Zikitoka na kitu, ni za kule alikotoka au watasema ni kwangu?

#63 Pipeti
Inategemea urefu na kama zimewahi kunyolewa tangu aje. Kama hazijanyolewa, za kule bado zinaweza kuwepo kwenye ncha, na kwa mtoto wa umri huo ukuaji hauna mpangilio kama wa mtu mzima. Waombe wakate vipande viwili kama urefu unaruhusu, shina kando na ncha kando, na waandike tarehe aliyofika kwako kwenye fomu yenyewe. Kama urefu hauruhusu, watapata jibu moja la kipindi chote, kule na kwako pamoja.

#64 Kifungu cha Sheria
Na wewe mwenyewe ukiombwa nywele zako kwa kulinganisha, usishangae. Inatokea kwa walezi.

#65 Mlezi Mkongwe
Nywele zangu? Mimi nilipaka piko wiki iliyopita.

#66 Msusi Mtaani
Andika kwenye fomu mkuu 😂